Mashapo

Duka la Bwana Castaing lina kengele mlangoni.
Miaka kumi na minane nimepita mbele yake
nikienda saluni, hapa Libourne, mtaa wa nyuma ya soko,
na haijawahi kulia kwa ajili yangu.

Leo imelia.

Nikasema: nataka mvinyo mwekundu, wa zamani.
Akauliza: wa zamani kiasi gani, bibie?
Nikasema: kama mimi.

Hakucheka. Alishuka ngazi, nikamsikia kule chini
akisogeza mbao, akikohoa, akizungumza na vumbi,
kisha akapanda ameilaza mkononi
kama mkunga abebavyo kichanga kilichosinzia.
Themanini na sita. Lebo imeliwa na unyevu pembeni
lakini picha ya lango la shamba imebaki.
Lango hilo nalijua. Mama alilipita kwa baiskeli
kila alfajiri ya Januari, mkasi mfukoni.

Euro mia moja na arobaini.
Hesabu yangu ni ya vichwa: vinne vya kupaka rangi
na kimoja cha kukata tu.
Maji nimeshayavulia nguo. Nikalipa.

"Isimamishe siku mbili, mashapo yatue.
Usiitikise. Usiiweke karibu na moto. Usiogope."
Hilo la mwisho nililisahau kabla sijafika kwenye kona.

Jumapili, jikoni kwa mama,
kizibo kilikatika. Nusu ikatoka, nusu ikang'ang'ania shingoni
kama mpangaji asiyetaka kuhama.
Mama akaisukuma ndani kwa mpini wa mwiko,
nami nikachuja euro mia na arobaini
kwa karatasi ya kahawa, ndani ya jagi la maji,
nikaacha kidole kimoja chupani, kama nilivyoelekezwa.

Nilitarajia wekundu wa zulia la harusi.
Ulikuwa na rangi ya tofali lililonyeshewa,
pembeni umekwajuka kama pazia.

Nikanusa. Lakini nifanye nini na pua hii
iliyolelewa na amonia na dawa za nywele?
Nilipata uyoga. Nikapata kabati la marehemu bibi.
Nikaonja: mchachu, mwembamba,
ulimi ukakauka kana kwamba nimelamba kamba ya kiatu.

Nikamtazama mama nione kama nimeibiwa.

Mama, Arlette, hakuzungusha bilauri, hakufumba macho.
Miaka ishirini na sita aliipogoa mizabibu ile,
na mchana wakampa maji ya makapi kwenye kopo.
Huu hakuwahi kuuonja.
Alimeza. Akavunja mkate.
"Safu ya kumi na moja," akasema, "karibu na kisima.
Ulikuwa tumboni. Ndoo niliifunga ubavuni
maana mbele hapakuwa na nafasi. Msimamizi akaniambia:
ukizalia humu, tutakukata nusu siku."

Tukacheka mpaka tukasahau kunywa.
Tukala supu. Tukagombana kidogo juu ya paa linalovuja.
Na jagi, lililoachwa peke yake saa nzima na zaidi,
likawa limebadili mawazo.

Sijui kulieleza. Wajuzi wana orodha zao,
ngozi, tumbaku, matunda ambayo sijawahi kuyaona.
Mimi nilisikia udongo baada ya mvua, na utamu mdogo
unaokuja umechelewa, ukiomba radhi,
kisha unakaa,
nimeshameza na bado upo.

"Sasa," akasema mama.
Neno hilo tu.

Kisha akaichukua chupa, akamimina kile kidole kilichobaki,
cheusi, kizito, nilichoambiwa kisiguswe.
Akakinywa. Akakitafuna kidogo.
Meno yakawa ya zambarau.

"Haya ni yangu," akasema.
"Ya juu walikunywa wenye lango."

Chupa aliniomba. Ameiweka dirishani,
na mdomoni mwake kuna kitunguu, kinaota.